Hadithi Zilizolowa

Fundi bomba alianguka Jumatatu asubuhi kutoka kwenye ngazi ya mtu mwingine, akienda kufunga tangi la mtu mwingine, kwa kosa lake mwenyewe. Ngazi ilikuwa fupi. Badala ya kwenda kuazima nyingine, aliisimamisha juu ya tofali, akapanda, na kabla hajalifikia tangi tofali likageuka. Jioni alirudishwa nyumbani mguu wa kulia umefungwa plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya goti, na maneno ya daktari masikioni: wiki nane, asiukanyagie hata kwa bahati mbaya.

Mkewe alikuwa mfuaji hospitalini, upande wa mashuka. Kazi yenyewe ilikuwa ya kibarua, na kibarua akikosa siku mbili, ya tatu anakuta mtu mwingine amesimama kwenye beseni lake. Binti yao wa pekee aliolewa mbali, na wakati huo alikuwa na kichanga cha wiki tatu. Kwa hiyo mke alipitisha akilini watu wote wanaoweza kuja kushinda na mgonjwa, akampunguza huyu na kumpunguza yule, mpaka akabaki na mmoja.

"Nimempigia mama," alimwambia mumewe. "Anakuja kesho."

Fundi aliangalia dari kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta panapovuja. Kisha akauliza kama kweli hakuna mtu mwingine. Mkewe akasema yupo, ila bado hajazaliwa.

Si kwamba fundi na mama mkwe wake walikuwa na ugomvi. Ugomvi una maneno. Wao walikuwa na salamu. Miaka ishirini na mitatu nyuma, siku ya posa, yule mama alisema mbele ya watu kwamba hakumlea binti yake ili aje achukuliwe na mtu anayetia mkono kwenye vyoo vya watu. Hakupaza sauti wala hakukasirika. Alisema kama anayetaja bei ya sabuni, na ndiyo maana neno lile lilizama. Ndoa ilifungwa hata hivyo, kwa sababu binti alishaamua. Tangu siku hiyo fundi alisema shikamoo, mama mkwe akasema marahaba, na hapo mazungumzo yakafungwa kama koki. Maneno yote waliyowahi kubadilishana yangeenea ndani ya kiberiti, na njiti zikabaki na nafasi.

Mama mkwe alifika na begi moja. Alimpa mgonjwa pole, akakagua jiko, akakagua uwanja, kisha akatangaza kwamba atakaa mpaka siku plasta itakapokatwa, na baada ya hapo hata siku moja haongezi.

*

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na pazia. Mke aliondoka alfajiri, akishamwogesha mumewe na kumketisha kwenye kochi, mguu juu ya stuli. Kuanzia hapo mpaka jioni walibaki wawili, mmoja upande wa kochi na mwingine upande wa jiko, kila mmoja akijitahidi kukohoa mapema ili mwenzake ajue yuko wapi.

Siku ya kwanza fundi hakunywa maji toka asubuhi mpaka saa nane. Alipiga hesabu kwamba asiyeingiza hatoi, na asiyetoa haombi msaada wa kufika chooni. Midomo ilimkauka, kichwa kikaanza kumgonga, lakini heshima ilikuwa nzima. Saa nane na dakika chache mama mkwe alipita na ndoo yenye mfuniko, akaiweka pembeni ya kochi, akavuta pazia kuizunguka.

"Fundi," alisema akiwa upande wa pili, "mimi nimelea watoto sita na nimemuuguza mume kitandani miaka minne. Kunywa maji."

Akatoka nje kuanika nguo, akikaa huko muda wa kutosha kuanika nguo za kambi nzima. Fundi akanywa maji.

Mambo mengine yalikuwa magumu zaidi. Tajiri wake wa ujenzi alipiga simu siku ya tatu, akampa pole ndefu sana, na kadiri pole ilivyokuwa ndefu ndivyo fundi alivyojua kwamba nafasi yake imeshapata mtu. Nyama ikapungua mezani, halafu ikaacha kabisa kuja. Mama mkwe hakusema kitu. Alikaanga mboga vizuri zaidi, basi. Hilo nalo lilimchoma fundi, kwa sababu angependa aseme kitu ili apate sababu ya kumchukia.

*

Siku ya nne kuchoka kulimshinda. Redio alishaisikiliza mpaka matangazo akayajua kwa moyo. Akakumbuka gunia lililokuwa chini ya kitanda cha chumbani, akajikokota kwa magongo na kulivuta nje kwa ncha ya gongo. Lilikuwa gunia la vitabu. Mwaka uliopita bomba lilipasuka katika stoo ya shule fulani, na alipomaliza kazi aliambiwa akatupe vitabu vilivyolowa. Yeye akaviweka, kwa kuwa karatasi ya kitabu ni nzuri ya kufungia koki na nati.

Alichokipata juu kabisa kilikuwa kitabu cha hadithi za zamani: Sungura, Fisi, mazimwi, binti za wafalme, zote mle ndani. Jalada lilishajikunja, na kurasa nyingi zilikuwa zimegandana kama ndugu wanaoogopa kugawana urithi. Fundi aliona aibu kidogo. Mwanamume wa miaka arobaini na tisa, ana mjukuu, anasoma ya Sungura. Alisikiliza jikoni, mama mkwe alikuwa anasonga. Akafungua.

Hadithi ya kwanza ilihusu ukame. Wanyama wote walikubaliana wachimbe kisima. Sungura peke yake alikataa, akasema yeye umande unamtosha. Wakachimba siku nyingi, kucha zikawatoka, na maji yalipopatikana, nani akawa wa kwanza kuja kunywa kwa siri na kuoga humohumo?

Fundi aliikumbuka ile hadithi. Utotoni aliicheka mpaka akashika tumbo, maana Sungura alikuwa mjanja na wengine wote mabwege. Sasa alisoma akiwa na mikono yenye makovu ya spana, na kicheko hakikuja. Aliona kucha za wale wanyama. Aliwaona watu aliowachimbia mitaro juani, kisha wakamwambia akinawa anawe kwa maji ya ndoo, asichafue bomba jipya. Akajikuta yuko upande wa Fisi na wachimbaji wenzake, jambo ambalo hakulitegemea maishani. Alipofika mahali Kobe anajipaka ulimbo na kujificha kisimani ili amnase mwizi, alikisogeza kitabu karibu na macho. Akageuza ukurasa. Kurasa zilizofuata zilikuwa pande moja gumu, haziachani, na alipojaribu kuzibandua kwa kisu zikatoka vipande vyenye herufi mbilimbili.

"Hukusema paukwa," sauti ikatoka jikoni.

Fundi aliganda. Hakuwa amejua kwamba anasoma kwa sauti. Alikuwa msomaji wa polepole, wa kutamka kila neno kwa midomo, na kumbe sauti ilishamponyoka zamani.

"Hadithi haianzwi hivihivi kama kubisha hodi nyumba ya mlevi," mama mkwe aliendelea. "Na mbona umeishia hapo?"

Fundi akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa, kwamba mwisho umelowa.

Mwiko ukagonga sufuria mara mbili. Kisha mama mkwe akatokea mlangoni, akijifuta mikono kwa kanga, akasema Sungura alinaswa, miguu yote minne na kichwa pia. Wanyama wakakaa kikao cha kumuua. Naye akawaambia hana neno, wamuue tu, ila wampe nafasi acheze ngoma yake ya mwisho. Wakambandua, wakamwekea duara. Akacheza, akacheza, mavumbi yakapanda, macho ya wazee yakajaa mchanga, na walipomaliza kuyafikicha walikuta duara tupu.

"Kwa hiyo alitoroka," fundi alisema kwa uchungu.

"Alitoroka."

"Na kisima?"

Mama mkwe alifikiri. Alisema hilo la kisima hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye mwenyewe hakuwahi kumuuliza bibi yake. Akarudi jikoni. Baada ya muda sauti yake ikaja tena, ikasema kwamba kwa maoni yake, waliochimba walibaki na maji yao. Sungura alipata sifa tu, na sifa hainyweki.

Jioni mke alipouliza siku imepitaje, wote wawili walijibu kwamba hakukuwa na jipya.

*

Wiki mbili zilipita hivyo. Mke akienda kazini na vyombo vikishaoshwa, mama mkwe alivuta kiti mpaka mlangoni mwa jiko, si ndani ya sebule na si nje yake, akachukua nguo ya kushona. Fundi alisema paukwa, yeye akajibu pakawa. Hakuwa amekwenda shule, na alisema hivyo bila aibu. Kwao walisomeshwa wavulana. Kwa hiyo walikuwa na mapatano ambayo hakuna aliyeyatamka: fundi alikuwa na mianzo na yeye alikuwa na miisho. Pale kitabu kilipolowa, yeye alichukua. Pale asipojua, walibishana mpaka wakaafikiana, na mara moja walibishana siku nzima kuhusu mfalme aliyemwoza binti yake kwa mtu aliyeshinda mbio. Mama mkwe akasema kama mbio ndiyo sifa ya mume, basi angemwoza kwa mbwa.

Shida ilikuja na hadithi ya msichana aliyekataa posa saba.

Kitabuni ilikuwa imebaki nusu ukurasa tu. Mama mkwe akaweka sindano chini, akaisimulia yote kwa kichwa. Msichana alikataa wanaume saba walioletwa na wazazi wake. Akaja wa nane, mgeni, mzuri ajabu, hajulikani kwao wala ukoo wake. Mama akamkanya binti, binti hakusikia. Akaenda naye mbali, siku saba kwa miguu, na huko ndiko alikoona, siku mumewe alipokuwa amelala, kwamba chini ya nywele, kisogoni, ana mdomo wa pili wenye meno. Lilikuwa zimwi, na lilikuwa linamnenepesha.

"Na hivyo," mama mkwe alimaliza, akiangalia dirishani, "ndivyo inavyompata anayekwenda kujichagulia kwa macho yake."

Fundi alifunga kitabu.

"Mama," alisema, "ni miaka ishirini na mitatu. Kama mimi ni zimwi, mbona mwanao hajaliwa mpaka leo?"

"Mimi nimesimulia hadithi."

"Hadithi hii ina anwani."

"Sikukutaja. Mwenye kidonda ndiye anayeruka inzi akipita."

Fundi akasema kidonda hicho anamjua aliyekitia, na siku aliyokitia, na nguo aliyokuwa amevaa. Akasema yeye ni mtu wa kutia mkono vyooni, ndiyo, na kama kuna mtu anayeona kinyaa kumhudumia mtu wa aina hiyo, hakuna aliyemfunga kamba. Mama mkwe akasimama, akakunja nguo aliyokuwa anashona, akaenda chumbani, na zipu ya begi ikasikika.

*

Mke alirudi saa kumi na moja. Mlangoni alimkuta mama yake ameketi juu ya begi, kilemba kimefungwa cha safari. Ndani alimkuta mumewe sakafuni karibu na jiko, ameketi katikati ya dimbwi la maji, birika limelala ubavuni, magongo moja huku moja kule. Alitaka kujipikia chai ili ionekane kwamba hamhitaji mtu. Hakuumia popote, isipokuwa pale anapokalia, pasipofungwa plasta.

Mke alimnyanyua mumewe, akamkausha, akamrudisha kochini. Akamwita mama yake ndani. Kisha akageuza ndoo tupu, akaketi juu yake, akaweka mapajani mikono iliyokunjamana kwa sabuni ya mashuka ya wagonjwa, na kuwataka waeleze, mmojammoja, kwa zamu. Wakaeleza kama watoto. Ndipo akajua kwamba kwa wiki mbili nyumba yake ilikuwa na hadithi kila siku na yeye hakuambiwa, na hilo lilimuuma kuliko begi.

"Hii ninaijua," alisema. "Mama, wewe ndiye uliyenisimulia. Mama wa msichana anajua anachotaka. Zimwi linajua linachotaka. Sasa huyo msichana je? Kuna aliyemuuliza kwa nini aliwakataa wale saba?"

Mama yake akasema hadithi haisemi.

"Basi nitasema mimi. Wale saba walizungumza na baba yake. Wa nane alizungumza na yeye mwenyewe." Alimgeukia mama yake vizuri. "Huyu hajanijengea ghorofa, mama. Lakini kila siku nikirudi ananiuliza nimeshindaje, na jibu analisikiliza mpaka mwisho. Nawajua wanawake kazini wenye waume wakubwa wasioulizwa hilo tangu waolewe."

Maji ya birika yalikuwa yanatafuta njia kuelekea mlangoni.

"Na wewe," akamwambia mumewe, "umeona wapi zimwi linavunjika mguu kwa sababu ya tofali?"

Fundi alijitahidi. Alikaza taya, akatazama plasta yake, akatazama dari. Lakini kicheko kilimshinda, kikatoka puani kwanza, na mkewe akacheka kwa sababu yake, na mama mkwe, aliyekuwa hajaamua bado, alifunika mdomo kwa ncha ya kilemba na mabega yakaanza kumtikisika. Begi likarudi chumbani. Chai akapika mke mwenyewe, akisema kwamba kesho anataka asimuliwe yote tangu kisima.

*

Asubuhi yake mama mkwe hakuweka kiti mlangoni mwa jiko. Alikileta mpaka mbele ya kochi, akaketi, na hakuchukua nguo ya kushona.

Alisema yeye hakuchagua mume. Alichaguliwa. Aliambiwa huyu ana duka, ana heshima, anajulikana. Mdomo wa pili aliuona akiwa tayari na watoto wawili. Na mume alipougua, ndiye yeye aliyemlisha miaka minne, mdomo ule wa mbele, kwa kijiko.

"Jana nilipokuwa nasimulia sikukuwaza wewe," alisema. "Nilifika kwenye yale meno nikawa simwoni mtu mwingine. Lile neno la mwisho nimelisema kwa sababu ndivyo bibi alivyolisema. Miaka yote nimelisema tu, wala silo lililonipata mimi."

Fundi alinyoosha pembe ya jalada lililojikunja.

"Siku ile ya posa pia nilisema neno."

"Silikumbuki, mama."

"Unalikumbuka."

"Nalikumbuka," fundi alikubali.

"Nilikosea. Nimekaa hapa nikamwona mwanangu anaingia mlangoni na kuanza kucheka kabla hajavua viatu. Mimi nyumbani kwangu nilikuwa navua viatu kwanza ili nisisikike."

Fundi alifungua kitabu, akasema paukwa, polepole sana, na mama mkwe akajibu.

*

Plasta ilikatwa wiki ya tisa. Mguu uliotoka humo ulikuwa mwembamba na wa rangi nyingine, na mke akasema afadhali waurudishe hospitalini wakachukue ule wao. Fundi alianza kutembea kwa gongo moja, kisha kwa ukuta, kisha kwa ubishi. Jirani alimwita kufunga sinki, kazi ya chini isiyo na ngazi, na wiki ileile akapata nyingine mbili. Nyama ikarudi, kwa adabu, mara moja kwa wiki.

Mama mkwe akasema ataondoka Jumapili. Fundi akasema sawa, ila kitabuni zimebaki hadithi tatu, na ni ndefu. Jumapili ikapita. Wiki iliyofuata akasema ataondoka Alhamisi. Fundi akakohoa, akasema alihesabu vibaya, kumbe kuna nyingine mbili zilijificha katika kurasa zilizogandana, amefanikiwa kuzibandua kwa mvuke.

Jumamosi mke alikuwa na mapumziko. Mchana alikuwa uwanjani anaosha vyombo na mama yake, dirisha liko wazi, na fundi ndani anasoma kwa sauti ili wasikie wote. Ikulu ya Simba ilikuwa inavuja. Mafundi wa kila aina walijaribu wakashindwa. Tembo alitaka kuvunja ukuta mzima. Ndipo akaitwa Fisi, mtu mnyenyekevu aliyedharauliwa na wote, naye alipofika tu akaona kwamba bomba la nusu inchi limeungwa kwenye la robo tatu bila kipunguzio, kile kiungo cha mabomba yasiyolingana.

Mke aliacha kuosha. Alimsogelea mama yake, akamnong'oneza kwamba hadithi ile haimo katika kitabu chochote duniani.

"Najua," mama yake alisema, akisuuza sahani. "Kitabu kiliisha Jumanne. Tangu siku hiyo hajageuza ukurasa hata mmoja."

"Na mbona humwambii?"

"Nimwambie ili nikapande basi?" Aliweka sahani juani, akanyoosha shingo kuelekea dirishani. "Fundi, mbona umenyamaza? Maji yalikoma au hayakukoma?"

Ndani karatasi zikachakarika.

"Ngoja, mama," fundi akasema. "Natafuta ukurasa."